Sura ya 7: Mfungaji na Dakika Mbili

Mwamuzi akinyoosha vidole viwili hewani, mchezaji aliyemvuta mpinzani jezi anatoka nje, na timu yake inabaki na watu sita, kipa akiwa ndani ya hesabu. Katika mpira wa mikono hiyo ni adhabu ya kila siku. Dakika mbili zikiisha timu inatimia saba, mchezo unaendelea. Mtazamaji aliyezoea kadi nyekundu ya soka, inayomweka mtu nje hadi filimbi ya mwisho, huiona kama mzaha. Mwalimu wa michezo aliyesimama pembeni mwa uwanja wa sekondari Masasi au Newala haioni hivyo. Dakika hizo mbili zinamdai uamuzi mgumu kuliko yote ya siku hiyo: yule binti anayefunga nusu ya mabao ya timu abaki uwanjani akakabe, au aitwe pembeni apumue hadi wenzake watimie?

Wapo wanaosema atoke. Hoja yao ina uzito, na nitaipa nafasi yake. Mimi nasema abaki, ila asiwekwe popote tu, na mzigo wake upunguzwe kwingine. Sehemu kubwa ya sura hii ni kuieleza hiyo "ila".

Kwanza niseme kwa nini nachukua mpira wa mikono, mchezo usio na kelele. Huku kusini mwa Tanzania soka ndiyo mfalme. Muuza korosho wa Masasi atakutajia kikosi cha Simba au Yanga bila kukwama, na Ndanda FC ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014, uwanja wa Nangwanda Sijaona kule Mtwara ulikuwa ndio habari ya mkoa. Mpira wa mikono unaishi shuleni. Unachezwa katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari: shule zinachujana, wilaya inaunda kombaini, kombaini za wilaya zinazaa ya mkoa, na ya mkoa inakwenda taifa. Mwaka 2021 fainali za taifa zilikuja Mtwara, nyumbani. Ukiacha shule, wanaoushikilia mchezo huu nchini ni timu za majeshi na za Zanzibar. Binti wa Newala anayeujua amefundishwa na mwalimu ambaye asubuhi yuko darasani na jioni anashika pia netiboli na riadha. Hana msaidizi wa kuhesabu nani amekimbia kiasi gani. Anakisia kwa macho, na akikosea hasara anaiona papo hapo kwenye ubao wa mabao.

Na uwanja wenyewe una lake. Kitabu cha sheria kinataka mita 40 kwa 20, na mchezo wenyewe unapenda sakafu laini. Uwanda wa Makonde unatoa mchanga. Ni mchanga uleule unaofyonza mvua yote, ndiyo maana juu ya uwanda hakuna mito na maji ya Newala hupandishwa kwa pampu kutoka mabondeni. Mikorosho inaupenda. Mpira wa mikono hauupendi hata kidogo, kwa sababu mpira ukidundwa hapo haurudi mkononi unavyotarajia, kwa hiyo watoto wa huku hujifunza mapema kucheza kwa pasi, na kila hatua ya kukimbia inakula nguvu mara mbili. Ongeza kwamba mashindano huangukia katikati ya mwaka, miezi ambayo nyumbani mikorosho inapuliziwa salfa na mikono ya watoto inahitajika shambani. Mfungaji wako anaweza kuwa amefika uwanjani akiwa tayari amefanya kazi ya mtu mzima. Uchovu, basi, haupaswi kudharauliwa katika mjadala huu.

Sasa hesabu. Mechi kamili ya wakubwa ni dakika 60, na kila timu hushambulia mara 50 hivi. Igawanye utaona kwamba katika dakika mbili kila upande unapata mpira takriban mara mbili. Yaani timu iliyo pungufu italinda mara mbili na kushambulia mara mbili. Watu husahau nusu ya pili. Wanafikiri dakika mbili za adhabu ni dakika mbili za kujilinda, kumbe nusu yake mpira uko mikononi mwao, na hawaruhusiwi kuukalia. Mwamuzi akiona timu inazungusha mpira bila nia ya kufunga anainua mkono, na kwa sheria ya tangu 2022 kuanzia hapo wana pasi nne tu kabla ya kupiga golini. Kwa hiyo hata ukiwa pungufu lazima upige. Nani atapiga, ikiwa mpigaji wako umemkalisha?

Hapo wapinzani wangu hujibu: mwingize kwenye kushambulia, mtoe kwenye kulinda. Sheria inaruhusu. Wachezaji wa mpira wa mikono hubadilishana wakati wowote bila kumwomba mwamuzi, mradi wapite kwenye eneo lao la kubadilishana karibu na mstari wa kati. Ndivyo Denmark walivyomtumia Mikkel Hansen, mmoja wa wapigaji wakali kupata kuonekana: timu ikipoteza mpira alikuwa akikimbilia benchi, na mlinzi maalumu akiingia. Wafaransa walikuwa na Nikola Karabatić, aliyefunga na kukaba mechi nzima. Wote wawili wamewahi kuwa mchezaji bora wa dunia, kila mmoja mara tatu. Fainali ya Olimpiki ya 2016 Rio de Janeiro, Denmark 28, Ufaransa 26. Fainali ya Tokyo iliyochezwa 2021, Ufaransa 25, Denmark 23. Mwenye kutaka ushahidi wa mtindo mmoja kuushinda mwingine atatoka hapo mikono mitupu.

Lakini Denmark walikuwa na benchi. Aliyemwingilia Hansen alikuwa mlinzi aliyebobea. Kombaini ya wilaya ina watu wanne au watano wanaoaminika, na wengine wamekuja kujifunza. Halafu kuna tatizo la kubadilishana kwenyewe. Anayeingia kabla mwenzake hajatoka anaiponza timu: adhabu yake ni dakika mbili nyingine. Fikiria watoto wa miaka kumi na sita, wako pungufu, wamechanganyikiwa, mwalimu anapiga kelele, mashabiki wa shule ya jirani wanapiga ngoma nyuma ya benchi, na unawataka wafanye mabadiliko manne yasiyo na kosa ndani ya dakika mbili, juu ya mstari wa majivu ambao miguu imeshaufuta. Nadhani unaona mwisho wake.

Swali hili wanaocheza hoki ya barafuni wamelibishania muda mrefu kuliko mtu yeyote. Kwa sisi tuliokulia chini ya mikorosho, barafu ni ile ya kwenye friji ya muuza soda, ila mchezo huo umefika karibu kuliko tunavyodhani: Nairobi, ndani ya hoteli ya Panari kando ya barabara ya Mombasa, Kenya Ice Lions hufanya mazoezi kwenye kiwanja kidogo cha barafu. Hoki ina watu watano na kipa kila upande. Mkosaji hukaa kibandani dakika mbili na wanne waliobaki hujitetea. Sheria yao, tofauti na ya mpira wa mikono, inamsaidia aliye pungufu: anaruhusiwa kukifyatua kile kisahani cha mpira mgumu hadi mwisho wa uwanja bila kusimamishwa, jambo ambalo timu zikiwa sawa ni kosa. Kwa hiyo muda unaweza kuuawa kweli. Ndiyo maana makocha wao walizoea kuwatuma vibarua, watu wasiofunga lakini walio tayari kujilaza mbele ya mashuti, huku mfungaji akipumzishwa kwa ajili ya dakika zenye faida.

Edmonton Oilers wakaja na kichwa kingine. Msimu wa 1983–84 kocha Glen Sather alikuwa na Wayne Gretzky, mfungaji mkubwa kuliko wote wa enzi hizo, naye akamtuma ndani timu ikiwa pungufu. Oilers walifunga mabao 36 msimu huo wakiwa na mtu mmoja kasoro, rekodi ya ligi yao. Gretzky peke yake alifunga 12, na alipostaafu alikuwa na 73 ya aina hiyo, hakuna aliyemfikia. Miaka mitano baadaye Mario Lemieux wa Pittsburgh alifunga 13 katika msimu mmoja.

Ukiziangalia namba hizo haraka utasema: basi, mpeleke mfungaji wako, mambo yaishe. Polepole. Gretzky alikuwa mwembamba, hakuwa mtu wa kujilaza mbele ya shuti, na hakuna kocha mwenye akili ambaye angemtaka afanye hivyo. Kazi yake ilikuwa kusoma pasi. Na chakula chake kilitoka kwenye tabia ya binadamu: timu iliyo na watu wengi huwapanga washambuliaji wake wote mbele, kila mmoja anataka jina lake liandikwe, na mshambuliaji akipokonywa kisahani akiwa ameelekeza mawazo golini ni mzito wa kugeuka. Aliye pungufu anahitaji mtu mmoja tu anayeweza kuuadhibu uzembe huo. Kibarua akikinasa kisahani anakirusha mbali na kushukuru Mungu. Mfungaji akikinasa, watu watano wanaanza kukimbia kurudi nyuma.

Hofu hiyo ndiyo faida nisiyoiona ikihesabiwa. Katika mpira wa mikono, mfungaji wako akiwa benchi, wapinzani hawana sababu ya kumbakiza mtu nyuma. Wote sita wanakuja. Akiwa ndani, kocha wao anamwambia mmoja asisogee sana. Mara moja sita dhidi ya watano imekuwa watano dhidi ya watano, na binti hajagusa mpira bado.

Jambo moja la hoki linafaa kukumbukwa na walimu wetu. Zamani mkosaji wao alikaa dakika zake mbili zote, hata timu yake ifungwe mara ngapi. Novemba 5, 1955 Jean Béliveau wa Montreal akafunga mabao matatu ndani ya sekunde 44 wakati wapinzani, Boston, wakiwa pungufu, na msimu uliofuata sheria ikabadilishwa: bao likiingia, aliyetolewa anarudi. Mpira wa mikono haukubadilika hivyo. Ukifungwa sekunde ya kumi, bado una sekunde mia moja na kumi za kuteseka. Ndiyo maana pigo la dakika mbili kwetu hupimwa kwa tofauti ya mabao yote ya pande mbili mpaka saa itakapofika. Timu iliyofungwa mawili ikafunga mawili imetoka salama. Timu iliyojifungia nyuma bila mpigaji ikafungwa mawili bila kujibu imepoteza mechi, kwa kiwango cha mashindano ya shule.

Msomaji wa soka ananisubiri. Najua, na ninajua pia mechi aliyonayo kichwani.

Januari 21, 2024, San-Pédro, Ivory Coast. Taifa Stars na Zambia, mechi ya pili ya kundi katika AFCON inayohesabiwa ya 2023. Kocha Adel Amrouche alikuwa amefungiwa, kikosi kilikuwa mikononi mwa Hemed Suleiman, yule tunayemwita Morocco. Dakika ya 11 Mbwana Samatta akampenyezea Simon Msuva, Msuva akafunga. Dakika ya 44 Roderick Kabwe wa Zambia akapewa njano ya pili na kutoka. Kuanzia hapo Stars walikuwa mbele kwa bao na kwa mtu, na kilichosubiriwa ni ushindi wa kwanza kabisa wa Tanzania kwenye fainali za Afrika, tangu ile safari ya kwanza ya 1980.

Avram Grant, kocha wa Zambia, alikuwa na kila sababu ya kuogopa. Pungufu, nyuma kwa bao, kipindi kizima mbele. Kitabu cha uoga kingemwambia atoe straika, aingize beki, apunguze idadi ya mabao. Dakika ya 88 Patson Daka, straika wake wa Leicester City, alikuwa bado uwanjani. Kona ikapigwa na Clatous Chama, mtu ambaye wakati huo alikuwa akivaa jezi ya Simba na ambaye nusu ya Watanzania waliokuwa mbele ya televisheni walikuwa wamemshangilia wiki chache kabla. Daka akaruka, kichwa, 1–1. Masasi, Newala, Mwanza, Unguja, wote tulinyamaza pamoja.

Makosa ya Stars siku ile yamejadiliwa vya kutosha na watu wenye sauti kubwa kuliko yangu. Ninachotaka hapa ni upande wa Zambia. Waliokuwa pungufu walihitaji bao, na bao hutoka kwa wachache. Kumtoa Daka kungewapa ulinzi bora wa kushindwa kwa bao moja. Watu tunaouangalia mpira tukiwa tumekunja ngumi tunasahau mara nyingi kuuliza ubao unasemaje kabla ya kuamua nani atoke.

Ubao ukisema kinyume, jibu linaweza kugeuka. Agosti 10, 2025, Kasarani, katika CHAN iliyochezwa kwetu Afrika Mashariki, Ryan Ogam aliifungia Kenya dhidi ya Morocco dakika ya 42. Kabla ya mapumziko Chrispine Erambo akatolewa kwa kadi nyekundu. Harambee Stars wa kocha Benni McCarthy wakacheza kipindi chote cha pili wakiwa 10 na kuilinda 1–0 yao mbele ya timu ambayo mwisho wa mwezi ilitwaa kombe. Katika hali hiyo, pungufu na ukiwa mbele, mabao machache mchezoni, nisingebishana na kocha anayemtoa straika wake aingize mapafu mapya. Kukaba kwa dakika 45 na ziada kunaua miguu, na bao ulilolihitaji umeshalipata.

Sasa rudisha hilo kwenye mpira wa mikono uone linavyoyeyuka. Mchezo wa mabao ishirini na kitu kila upande hauna kitu kinachoitwa kulinda bao moja. Ukiwa mbele kwa moja na umebaki pungufu, ubao utakuwa umebadilika kabla mkosaji hajakaa vizuri. Na adhabu ni dakika mbili, muda ambao hata binti aliyetoka kupulizia salfa asubuhi anaweza kuvumilia. Hoja mbili kubwa za kumtoa mfungaji wa soka, yaani kulinda ushindi na kuhifadhi miguu kwa kipindi kirefu, hazipo. Nashangaa ni walimu wangapi wanaufundisha mpira wa mikono kwa akili waliyoipata kwenye soka. Wakiwa pungufu wanapaki basi, katika mchezo ambao basi halina breki.

Basi abaki. Abaki wapi?

Ukiwa na walinzi watano dhidi ya washambuliaji sita unaweza kuwapanga wote watano kwenye mstari wa mita sita mbele ya goli, bega kwa bega, wakihama pamoja kama mpira unavyohama. Huu ni ukuta wa kawaida, na shuleni ndio unaofundishwa. Katikati ya ukuta huo ndiko kwenye mieleka: pivoti wa wapinzani, mshambuliaji anayesimama ndani ya ukuta wenu, anakusukuma kwa mgongo, mnashikana, mnavutana, na hapo ndipo vidole viwili vya mwamuzi vinapozaliwa. Usimweke mfungaji katikati. Nalisema hili kwa ukali, maana ndiko anakowekwa mara nyingi, kwa kuwa mfungaji wa shule huwa ndiye mrefu na mwenye nguvu kuliko wote, na mwalimu anaona ni dhambi kuacha urefu ule pembeni. Lakini dakika mbili za tatu kwa mchezaji yuleyule ni kadi nyekundu. Mfungaji aliyepoteza mbili kwenye mieleka ya katikati anacheza muda wote uliobaki akiogopa kugusa mtu, na ukuta wenye mtu anayeogopa kugusa una tundu.

Wapange wanne kwenye mstari, mfungaji mbele yao, mita tisa au kumi kutoka golini, kwenye njia ya pasi kati ya wapigaji wawili wa nyuma wa wapinzani. Kazi yake si kumkaba mtu. Anainua mikono, anatikisa, anajifanya anaondoka, anarudi. Timu iliyo na mtu wa ziada inafunga kwa kuhamisha mpira haraka hadi kwenye upande ulio wazi. Mfungaji wako akiuchelewesha kwa sekunde moja tu, wale wanne wanawahi kuhama. Na akiunasa, mbele yake kuna mita thelathini za mchanga na kipa peke yake. Mchanga ni mzito kwake, ni kweli. Ni mzito vilevile kwa wanaomfukuza, nao wanaanzia nyuma yake.

Mazungumzo yenyewe pembeni mwa uwanja yanapaswa kuwa mafupi.

"Ticha, nitoke?"

"Baki. Panda mbele, kaa kwenye pasi. Usimshike mtu."

Yakizidi hapo, mwalimu hakufanya mazoezi ya jambo hili. Na wengi hatulifanyi. Jioni inaisha kwa kupiga golini, kwa sababu watoto wanapenda kupiga golini na giza la Newala huingia mapema mwezi wa sita, na upepo wa baridi juu ya ukingo wa uwanda unaotazama bonde la Ruvuma unamfukuza kila mtu nyumbani. Robo saa ya watano dhidi ya sita, mara mbili kwa wiki, ingetosha. Nani atahama nani akipitwa, nani atapokea pasi ya kwanza mfungaji akinasa mpira na kuzibwa. Ulinzi huu wa wanne na mmoja ukikosewa unavuja vibaya kuliko ule wa watano, sifichi. Pivoti wa wapinzani anapata nafasi ya kupumua nyuma ya mgongo wa mtu wa mbele. Kama wapinzani wana pivoti hatari na wapigaji wa nyuma butu, geuza: rudisha wote watano mstarini, mfungaji awe pembeni kabisa, kwa winga, ambako mieleka ni michache na mbio za kwenda golini kwao ni za mstari ulionyooka.

Gharama nilisema ilipwe kwingine. Dakika mbili zikiisha, shambulio moja likishapita, mtoe mfungaji apumzike timu ikiwa kamili. Watu saba wanaweza kumkosa mtu mmoja kwa dakika tatu. Watu sita hawawezi. Walimu wengi hufanya kinyume: wanampumzisha wakiwa pungufu na kumbana uwanjani wakiwa wamejaa, wakitumaini atafunga mengi dhidi ya timu iliyotulia. Ni matumizi mabaya ya miguu adimu.

Nina hisia kwamba sababu halisi ya kumtoa si miguu. Akiwa benchi na timu ikafungwa mawili, watu wanasema: walikuwa pungufu, ingekuwaje. Akiwa ndani akaumia, au akapata dakika mbili zake, watu wanasema: mwalimu amemponza mtoto. Lawama ya pili ina jina la mtu. Na hatari ya kuumia ipo kweli. Steven Stamkos wa Tampa Bay, mmoja wa waliokuwa wakiongoza kwa mabao katika ligi ya hoki ya Amerika Kaskazini, alivunjika mguu Novemba 2013 akikimbia kurudi kulinda, akagonga mlingoti wa goli, na Olimpiki ya Sochi ikampita. Hakuwa pungufu siku hiyo. Timu zilikuwa sawa. Anayerudi nyuma anaweza kuumia, na anayeruka kupiga golini anaumia pia, mara nyingi zaidi kwa ninavyoona viwanjani kwetu, akiangukia bega kwenye ardhi iliyojaa vijiti. Hakuna anayependekeza asipige.

Upande wa mchezaji nao una hesabu zake. Kombaini ikichaguliwa, macho yanafuata aliyefunga. Binti anajua. Ukimwambia panda mbele ukasome pasi, anasikia kazi isiyoandikwa popote. Hapo mwalimu anayeshika daftari ana silaha rahisi: aandike mipira iliyonaswa kama anavyoandika mabao, na aisome kwa sauti mbele ya timu nzima. Watoto wa Masasi hawana tofauti na mastaa wa Edmonton kwenye jambo hili, wanakimbilia kinachohesabiwa.

Kuna mtindo wa kisasa ambao watazamaji wa televisheni wataniuliza: timu iliyo pungufu kumtoa kipa na kushambulia watu sita kwa sita, huku goli likiwa tupu. Sheria ya 2016 iliurahisisha. Kwenye sakafu ya Ulaya kipa anawahi kurudi, mara nyingi. Hata huko, sekunde za mwisho za ile fainali ya Tokyo Denmark walikuwa wamemtoa kipa, Ludovic Fabregas akaudaka mpira na kuutupa kwenye goli lisilo na mtu. Kwenye mchanga wetu, kipa wa shule akikimbia kutoka benchi hadi golini anawasili pamoja na mpira, akibahatika. Muache golini.

Na ikiwa aliyenyooshewa vidole ni mfungaji mwenyewe? Hapo hakuna cha kujadili kwa dakika mbili, ila kuna sekunde chache za maana mwishoni. Sheria inadai dakika mbili za upungufu kwa timu. Zikiisha anayeingia anaweza kuwa yeyote. Benchi liko karibu na mstari wa kati, kwa hiyo anayeingia wakati wenzake wanaunasa mpira anajikuta yuko mbele ya kila mtu, amepumzika, na pasi moja ndefu inamfikia peke yake. Kwa hiyo si lazima aruke ndani saa ikilia. Mkono wa mwamuzi ukiwa juu na wapinzani wamebakiwa na pasi moja au mbili, ningemshika bega asubiri, na kumwambia kipa amtazame. Ikiwa shambulio lao ndiyo kwanza linaanza, kungoja ni kucheza kamari na bao: aingie mara moja, apande mbele ya wenzake, kwenye njia ya pasi.